Boti Ambayo Mama Angeirudisha Peke Yake

Baba alipostaafu alitutangazia kwamba yeye na Mama watanunua boti ya matanga na kuvuka nayo bahari. Alisema hivyo mchana, mezani, kwa sauti ile ile anayotumia kusema gari linahitaji tairi. Mimi nikakimbilia simu. Nilimpigia shangazi, dada yake Baba, nikitumaini kupata mtu wa kunisaidia kumzuia, nikamwambia kwamba Baba ana mambo ya matanga. Shangazi akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefariki. Ilibidi nianze upya, nimweleze kwamba nasema matanga ya kitambaa, ya mlingoti na upepo. Alipoelewa akasema bora yangekuwa yale mengine, maana hayo angalau yana siku ya kuisha.

Nikasema basi, kazi hii nitaifanya peke yangu.

Inafaa mjue wazazi wangu ni watu gani. Baba alikaa miaka thelathini na moja kwenye vyumba vya injini vya meli za mizigo, akapanda mpaka akawa mkuu wa mitambo. Mabaharia walimwita Chifu, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Mama alikuwa nesi wa chumba cha upasuaji kwa miaka ishirini na nane. Kila mtu anamwita Sista, na Baba pia humwita hivyo, hata wakiwa wamenuniana. Baba ni mrefu kama ngazi. Mama ana kilo hamsini na nne akiwa amevaa viatu. Kuendesha boti ya matanga walijifunza pamoja, kila Jumamosi kwa miaka miwili, kwenye klabu moja yenye viboti vidogo. Mwisho wa masomo walifanya mtihani. Baba alipata themanini na nne. Mama alipata tisini na moja, na hiyo ni habari ambayo Baba haileti kwenye mazungumzo mpaka aulizwe.

Mimi napima macho na kuuza miwani. Nilifunga duka wiki mbili ili niende nao kuangalia boti, na sikuficha nia yangu. Niliwaambia nakwenda kutafuta sababu za kuwakatalia. Mama akasema karibu, macho ya ziada hayadhuru.

Baba alikuwa na madaftari matatu. Ndani aliandika kila kitu anachotaka kwenye boti ya safari ndefu: uzito wake, kina chake majini, tangi la maji la lita ngapi, dizeli ya siku ngapi, unene wa mnyororo wa nanga. Alichora mpaka mahali pa kuweka bisibisi. Mama aliyasoma yote kwa jioni moja, akamrudishia, akasema kazi nzuri, ila kuna swali moja halimo. Baba akauliza ni lipi. Mama akajibu kwamba ataliuliza wakiwa majini.

Dalali aliyetutembeza alivaa viatu vyeupe na alikuwa na maneno ya asali. Alimwita Baba kapteni, ingawa Baba hajawahi kuwa kapteni, na akamwita Mama bi mkubwa. Wiki ya kwanza alituonyesha boti sita. Moja ilikuwa ya mashindano, nyepesi kama kiberiti. Ukikanyaga upande mmoja inakuinamia kukusalimu. Nyingine ilikuwa na vyoo vitatu, Mama akauliza ni nani atakayevisafisha. Kulikuwa na ya tatu ambayo dalali hakutaka tufunue sakafu yake, akisema funguo zimesahaulika, na Mama alipoifunua kwa kijiko tukakuta maji ya kutosha kufugia samaki. Nilikuwa nafurahi kimoyomoyo. Kwa mwendo ule, nilijiambia, watachoka wenyewe.

Ndipo tukafika kwenye ile nyeupe.

Sitaidanganya nafsi yangu, ilikuwa nzuri. Ilikuwa na urefu wa mita kumi na tano na upana kama wa ukumbi. Ukishuka ndani unakuta sebule yenye makochi, madirisha makubwa, meza ya mbao iliyong'aa mpaka unajiona meno. Kila kitu kilikuwa cha kubonyeza. Unabonyeza, tanga linapanda. Unabonyeza, nanga inashuka. Baba aliingia chumba cha injini akakaa humo kwa dakika arobaini, na alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kuonana na mchumba. Alipitisha tu kiganja juu ya mlango, polepole, kama anayepangusa vumbi lisilokuwepo.

Mama naye alifanya mambo yake. Alilala kwenye kila kitanda, kwa ubavu wa kulia na wa kushoto. Alisimama katikati ya sebule, akanyoosha mikono pande zote mbili, akaona haigusi chochote. Alichemsha maji kwenye jiko, akamwuliza dalali kama sufuria itabaki hapo boti ikilala upande. Dalali akasema boti hii, bi mkubwa, hailali. Mama akaandika kitu kwenye kikaratasi, akakitia mfukoni.

Asubuhi iliyofuata tukatoka nayo majini kuijaribu. Tulikuwa wanne: wazazi wangu, dalali na mimi. Upepo ulikuwa wa wastani, bahari ina mikunjo tu, si mawimbi. Baba alishika usukani kama mtu aliyezaliwa nao. Dalali akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka nikaona aibu mimi. Tulipokuwa kama maili mbili nje, Mama akaja akasimama mbele ya Baba.

"Chifu," akasema, "naomba uniachie usukani, ukae pale pembeni."

"Kuna nini?"

"Umekufa."

Dalali alicheka, akagundua anacheka peke yake, akaacha. Mama akaeleza kwa utulivu. Ni siku ya kumi na moja ya safari. Baba ameteleza, ametua vibaya, hawezi kuinuka wala kusema. Nchi kavu iko mbali. Upepo umeongezeka, tanga kubwa lazima lipunguzwe, kisha boti irudishwe bandarini. Kama neno kufa linamkera, akasema, anaweza kuchagua kuvunjika nyonga. Baba akafikiri, akasema bora afe, nyonga inauma. Akaenda kukaa. Akaongeza kwamba kwa kuwa ni boti ya matanga, shughuli yake itafanyika papo hapo bila kusumbua ndugu. Huo ndio ulikuwa mzaha wake wa mwisho siku hiyo.

Kwa sababu Mama alipiga hatua mbili, akafungua kabati la swichi, akazima umeme.

Dalali akaruka. Alisema umeme wa boti hii hauwezi kukatika, ina betri sita. Mama akamwuliza kama amewahi kuona hospitali yenye jenereta mbili ikimaliza upasuaji kwa tochi. Yeye aliwahi, mara mbili. Kisha akamwomba naye akae, asiguse kitu.

Akaanza kazi. Aliielekeza boti upeponi, akafunga usukani kwa kamba, akaenda mbele. Sitaha ilikuwa pana kama ukumbi wa harusi na haikuwa na mahali pa kushika, ilimbidi atambae. Alilegeza kamba ya tanga, akavuta kitambaa chini. Kikashuka robo, kikakwama. Akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote, nacho hakikujali. Boti ikageuka, upepo ukajaa upya kwenye tanga, akarudi mbio kwenye usukani kuinyoosha. Akaenda tena. Akarudi tena. Winchi ya kuzungusha kwa mkono ilikuwepo, lakini ilikuwa imewekwa kwa heshima tu. Alipoizungusha mara ishirini kamba ilisogea urefu wa kidole. Mara ya tatu aliteleza, akajigonga paja. Nikainuka. Akaniambia niketi.

Nilimtazama Baba. Alikuwa amekaa alipoambiwa, mikono juu ya magoti. Miaka thelathini na moja ya baharini, na sidhani kama aliwahi kukaa kwenye chombo bila la kufanya, akimwangalia mtu mwingine akishindwa. Macho yake yalikuwa yakimfuata Mama kila alipokwenda.

Mara ya nne Mama alikaa chini kwenye sitaha, akavuta pumzi, akasema, "Imetosha. Hii imenishinda." Alisema bila aibu yoyote, kama mtu anayesoma kipimajoto. Kisha akawasha umeme, akamrudishia Baba usukani.

Nilipaswa kushangilia. Sababu niliyoitafuta nilikuwa nayo mkononi, kubwa na nzito. Lakini nilishindwa kufurahi nikitazama uso wa Baba.

Nyumbani Baba alipitiliza jikoni, akasimama kwenye sinki akinawa mikono ambayo haikuwa michafu. Mama alikaa mezani na barafu kwenye paja. Mimi nilijifanya napanga vikombe.

"Mimi sitakufa kirahisi namna hiyo," Baba akasema bila kugeuka.

"Hakuna aliyesema ni rahisi."

"Tunaweza kuchukua mtu wa tatu. Kijana mwenye nguvu."

"Hiyo itakuwa safari ya watu watatu," Mama akasema. "Wewe ulinialika mimi."

Baba akafunga bomba. Akasema alidhani Mama ndiye anayetaka kumvunja moyo, kwamba anatafuta njia ya heshima ya kukataa. Mama akamwambia ageuke amtazame. Akageuka.

"Sikatai bahari, Chifu. Nakataa kuwa mzigo juu yake. Kule kazini, hakuna mgonjwa aliyelazwa mezani mpaka tuwe na mtu wa pili anayeweza kushika kazi daktari akianguka. Si kwamba tulitaka daktari aanguke. Ndivyo wote tulivyoweza kufanya kazi mikono ikiwa haitetemeki. Nitafutie boti ambayo naweza kuirudisha peke yangu, na mimi nitakwenda nayo popote unapotaka. Popote."

Baba alikaa. Akavuta daftari la kwanza, akafungua ukurasa wa mbele kabisa, ule aliokuwa ameuacha wazi, akaandika kwa herufi kubwa: JE, SISTA ANAWEZA KUIRUDISHA PEKE YAKE? Akapiga mstari chini. Halafu akaanza kukata vitu kwenye kurasa zilizofuata, kimoja baada ya kingine. Vilivyokatwa vilikuwa vingi.

Mimi niliweka kikombe nilichokuwa nimeshika. Nilikuwa nimekipangusa mpaka kimelia.

Boti ya kijani hatukuonyeshwa na dalali. Baba aliiona mwenyewe, nyuma kabisa ya uwanja wa mafundi, katikati ya nyingine mbili zilizoachwa, alipokwenda kuulizia mnyororo. Ilikuwa na urefu wa mita kumi na moja, nyembamba, nzito, rangi imepauka. Mwenyewe alikuwa mpiga chapa mstaafu ambaye magoti yalikuwa yamemwambia basi. Alitupokea akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na kabla hatujauliza chochote akaanza kututajia ubaya wa boti yake. Dirisha la kushoto linavuja mvua ikija na upepo wa kusini. Sitaha karibu na mlingoti imeanza kulainika. Choo kinataka ukiingie kinyumenyume. Na injini, akasema, injini hii inanichukia mimi binafsi.

Mama alimpenda mtu yule hapo hapo.

Tukapanda ngazi, tukaingia. Baba aligonga kichwa mlangoni, akagonga tena jikoni, akagonga mara ya tatu alipokuwa anainuka kusema hajaumia. Ndani kulikuwa kwembamba, na wembamba ule ndio uliomfurahisha Mama. Kila alipoegemea alikuta kitu cha kushika: nguzo, ukingo, mpini wa mbao uliolainishwa na viganja vya miaka mingi. Jiko lilining'inia kwenye bawaba ili sufuria ibaki wima chombo kikilala. Vitanda viwili vya pembeni vilikuwa vyembamba kama machela, kila kimoja na kitambaa kigumu cha kufunga ubavuni ili mtu asidondoke. Mama alipanda kimoja, akafunga kile kitambaa, akafumba macho. Tulimsubiri. Zilipita dakika ishirini. Nilipochungulia niliona amesinzia.

Walimleta mkaguzi wa vyombo, mzee mkavu aliyeitwa Nyundo kwa sababu ya nyundo ndogo ya plastiki aliyotembea nayo. Alizunguka boti siku nzima akigonga kila shibiri na kusikiliza, sikio limeelekezwa kama daktari. Mara moja moja alichora duara kwa chaki. Jioni akatuita, akasema maneno machache, nadhani, kuliko ya mkaguzi yeyote duniani. Mwili ni mzima. Mkuku, yaani ule uti wa chini unaoishikilia boti wima, umejengwa pamoja na mwili, haukufungwa kwa bolti, kwa hiyo hautadondoka. Ubao wa usukani, ule ulio chini ya maji, una kinga nyuma ya mkuku. Ubovu wa sitaha una ukubwa wa sahani mbili na unatibika. Injini hataki kuizungumzia mbele ya watu wenye umri wake.

Niliona Baba akijizuia kutabasamu. Injini ndiyo kasoro ya kwanza, katika boti zote tulizoona, iliyokuwa saizi ya mikono yake.

Siku tatu baadaye boti iliteremshwa majini, tukatoka nayo. Safari hii tulikuwa wazazi wangu, mpiga chapa, na mimi. Upepo ulikuwa mkali kuliko siku ya ile nyeupe. Tulipofika nje, Baba hakungoja kuambiwa. Aliachia usukani, akasema, "Haya, nimekufa," akaenda kukaa karibu na mpiga chapa na kumweleza hali. Mpiga chapa akampa pole.

Mama akakaza kamba ya kofia chini ya kidevu. Aliweka boti upeponi, nayo ikatulia pale alipoiweka, ikingoja. Akaenda mlingotini kwa hatua nne, kila hatua na mkono mahali pake. Kamba zote zilikuwa hapo hapo kwenye mlingoti. Akalegeza, tanga likashuka hatua moja. Akafunga. Akazungusha winchi, kitambaa kikakaza. Akarudi kwenye usukani. Nilitazama saa yangu: dakika tano na nusu. Akageuza boti kuelekea nyumbani, ikainama kidogo, ikashika mwendo, na maji yakaanza kuimba ubavuni.

Nakiri kwamba hapo nilisahau nilichofuata.

Mlangoni mwa bandari aliwasha injini na kushusha matanga yote, kama walivyofundishwa klabuni. Kulikuwa na kuta mbili za mawe, kulia na kushoto, na katikati njia ya kutosha boti tatu. Tulipokuwa karibu kuingia, injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Upepo ulikuwa unatusukuma kuelekea ukuta wa kulia. Niliyaona yale mawe vizuri, pamoja na majani yaliyoshikamana nayo.

Baba alikuwa ameshasimama.

"Kaa chini, Chifu," Mama akasema. Hakupaza sauti. "Bado hujafufuka."

Akakaa. Hilo mpaka leo naona ndilo jambo gumu zaidi ambalo baba yangu amelifanya baharini. Alivua kofia, akaitia meno.

Nilitegemea Mama apandishe tanga tena, au ahangaike na ufunguo wa injini. Hakufanya yote mawili. Alizungusha usukani kwa mwendo mdogo uliokuwa umebaki, akaipeleka boti pembeni mwa njia, mahali ambapo ukuta wa kushoto ungepunguza wimbi. Kisha akatembea mpaka mbele, wala hakukimbia. Akachomoa pini ya mnyororo, akaachia nanga. Mnyororo ukanguruma ukishuka. Aliuachia, akauhesabu, akausimamisha, akauachia tena. Boti ikarudi nyuma, nyuma, nikaona mawe yanazidi kuwa makubwa. Halafu pua yake ikageuka polepole kuelekea upepo, mnyororo ukanyooka, na tukasimama. Baina yetu na ukuta wa kulia palibaki nafasi ya boti mbili. Mama akaweka mguu juu ya mnyororo kusikiliza kama nanga inakokota. Aliusikiliza kwa muda mrefu. Akalinganisha mnara wa taa na paa la ghala, akaridhika kwamba hatusogei.

Akarudi nyuma akijipangusa mikono kwenye suruali.

"Sasa unaweza kufufuka," akamwambia Baba. "Injini ni yako."

Baba alishuka ndani kama mtu aliyeachiwa kutoka jela. Tulimsikia akifungua hiki na kile, akiimba chini chini, akiomba tochi, kitambaa, spana namba kumi. Kwa muda wa dakika thelathini alikuwa amegundua kwamba bomba la mafuta linavuta hewa kwenye kiungio kimoja, na kwamba kiungio hicho kilifungwa vibaya tangu siku injini ilipowekwa. Mpiga chapa alikaa ameinamisha kichwa. Alisema amegombana na mashine hiyo miaka tisa akidhani tatizo ni tabia. Injini ilipoanza kuunguruma sawasawa, Baba alitoa kichwa mlangoni, uso umejaa masizi.

"Sista," akasema, "ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

Hapo hapo, boti ikiwa bado nangani, wakapeana mkono na mpiga chapa, ambaye aliwashukuru kana kwamba wamemsaidia kumwoza binti.

Kuitengeneza kulichukua miezi kumi na nne. Baba aliitoa injini nzima, akaishusha vipande vipande kwenye banda la gari, na gari likakaa nje kwenye mvua. Mama alibomoa ile sehemu laini ya sitaha, akaijenga upya akifuata maelekezo ya Nyundo, ambaye alikuja kila Alhamisi kugonga na kutikisa kichwa mpaka siku moja hakutikisa. Mlango wa choo ulihamishwa. Mlango wa kuingilia ulibaki vile vile, Baba akajifunza kuinama. Shangazi alipiga simu kila wiki kuniuliza nimefikia wapi na ule mpango wa kuwazuia. Nilimwambia nimeacha. Wakati huo nilikuwa nashughulikia mchango wangu: miwani sita, mitatu ya kila mmoja, yenye mikanda ya kisogoni na vioo visivyokwaruzika, kila jozi kwenye kasha lake lisiloingiza maji. Baba alisema hajawahi kupewa kipuri bora.

Waliondoka asubuhi moja ya kawaida tu, kukiwa na mawingu mepesi. Mtu angedhani wanakwenda sokoni. Uvukaji wao wa kwanza mkubwa ulichukua siku ishirini na sita. Kila siku adhuhuri nilipata ujumbe mfupi kwa setilaiti: mahali walipo, na neno moja au mawili. "Salama." "Salama, nyangumi." Siku ya kumi na saba ukaja mrefu kuliko yote. Kile kifaa cha nyuma kinachoshika usukani kwa nguvu ya upepo kilikatika kipande usiku, wakapokezana usukani kwa mikono siku mbili mfululizo, saa tatu tatu kila mtu, mpaka Baba alipochonga kipande kingine kutoka kwenye ubao wa kukatia vitunguu. Kinafanya kazi. Wanakata vitunguu juu ya kifuniko cha sufuria. Salama.

Mwaka wa pili niliwafuata. Nilipanda ndege mbili na basi moja, nikawakuta kwenye ghuba ndogo yenye maji ya rangi ya chupa, wamekauka kwa jua na wote wawili wamepungua tumbo. Nilikaa nao siku kumi. Siku ya nne tulihama kwenda kisiwa cha jirani, mwendo wa kutwa nzima. Nilichafukwa kidogo asubuhi, Mama akanipa kidonge na kunikalisha mahali ninapoona upeo wa bahari, na hali ikapita.

Baada ya saa sita mchana Mama alikuwa kwenye zamu, amekaa miguu juu, vidole viwili kwenye usukani. Boti ilikuwa imeinama kwa raha, ikipanda wimbi na kushuka. Nilishuka ndani kuchukua maji. Baba alikuwa amelala kwenye kile kitanda chembamba, kitambaa kimefungwa ubavuni, mdomo wazi, mkono mmoja unaning'inia. Huyu ni mtu ambaye nyumbani aliamka friji ikibadilisha sauti. Juu yake kamba ziligonga, winchi ikalia, Mama akasogeza kitu kizito sitahani, naye hakupepesa kope.

Nilipanda na maji, nikamwambia Mama kwamba Baba analala kama jiwe. Akasema siku hizi ndivyo, akimwachia yeye usukani tu, anazimika.

Akatazama saa. Zilibaki dakika ishirini zamu yake iishe. Akasema atamwacha alale. Upepo ni mzuri, naye hajachoka.